Urithi Kama Darasa: Nafasi ya Makumbusho na Malikale Katika Kufundisha Mabadiliko ya Tabianchi

Na Mwandishi Wetu

Mapema mwezi Mei 2024, Kimbunga Hidaya kiliikaribia pwani ya Tanzania na kufika Kisiwa cha Mafia. Mvua zilizoambatana nacho ziliikata barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Lindi katika eneo la Somanga, wilayani Kilwa, na safari za mikoa ya kusini zikasimama. Siku chache kabla ya hapo, Aprili 25, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alikuwa amelieleza Bunge kwamba mvua kubwa za msimu huo, zilizohusishwa na El Nino, zilikwisha kusababisha vifo vya watu 155.

Wilaya hiyo hiyo ya Kilwa ndiyo yenye magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwanafunzi wa Kilwa Masoko anaweza kuuona mji wa kale ng'ambo ya mkondo wa bahari akiwa amesimama ufukweni. Hata hivyo, anapofundishwa mabadiliko ya tabianchi darasani, mara nyingi mifano anayopewa ni ya barafu za ncha za dunia na moshi wa viwanda vya nchi za mbali. Ukuta uliotafunwa na mawimbi karibu na kwao hautajwi, au unatajwa katika somo la historia peke yake, kama kumbukumbu ya masultani na biashara ya dhahabu ya Sofala.

Pengo hilo linahitaji kuzibwa. Tanzania ina makumbusho, magofu, michoro ya miambani, mabonde ya kiakiolojia na maarifa ya jadi ambayo kwa pamoja yanaeleza jinsi binadamu alivyoishi na hali ya hewa iliyobadilika. Taasisi zinazotunza urithi huo zikitumiwa ipasavyo, zinaweza kuwa miongoni mwa madarasa bora zaidi ya tabianchi nchini.

Hoja hii ina msingi katika makubaliano ya kimataifa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Mabadiliko ya Tabianchi wa mwaka 1992, katika Ibara ya 6, uliwataka wanachama kuendeleza elimu na uelewa wa umma, na Mkataba wa Paris wa mwaka 2015 ukalirudia jambo hilo katika Ibara ya 12. Mwaka 2022 Baraza la Kimataifa la Makumbusho lilipitisha tafsiri mpya ya makumbusho inayotaja uendelevu kuwa sehemu ya kazi yake. Aidha, mkutano wa COP28 uliofanyika Dubai mwishoni mwa mwaka 2023 uliuweka ulinzi wa urithi wa utamaduni miongoni mwa malengo ya dunia ya kuhimili mabadiliko ya tabianchi, ukitambua pia maarifa ya jadi. Kazi iliyobaki ni kuyapeleka maneno hayo hadi kwenye kuta za magofu yenyewe.

Kilwa: ukuta, boriti na mkoko

Mwaka 2004 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliwekwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia Ulio Hatarini. Mawimbi yalikuwa yanaumega ufukwe, mimea ilikuwa imeota ndani ya kuta, na majengo kadhaa yalikuwa yakiporomoka. Baada ya miaka kumi ya ukarabati, ujenzi wa kinga za mawimbi na upandaji wa mikoko, eneo hilo liliondolewa katika orodha hiyo mwaka 2014. Haya ni mafanikio ya kujivunia, kwa kuwa si kila eneo linaloingia katika orodha hiyo hutoka.

Kwa mwalimu, historia hiyo fupi ya miaka kumi ni somo kamili. Kuta za Kilwa zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa, na chokaa hiyo ilipatikana kwa kuchoma matumbawe. Dari zilibebwa na boriti za mikoko, na upana wa vyumba vingi vya Waswahili wa kale ulipimwa na urefu wa boriti hizo. Kwa hiyo mji mzima ulitoka baharini: matumbawe yalitoa mawe, mikoko ikatoa mbao, na pepo za msimu zikaleta majahazi. Leo matumbawe hayo yanaathiriwa na joto la bahari, na mikoko ileile iliyokuwa dari sasa inahitajika ikiwa hai ili izuie mawimbi. Mwanafunzi akiyaelewa hayo akiwa amesimama mbele ya Msikiti Mkuu au Gereza, hatahitaji kukariri maana ya ikolojia.

Hata hivyo, uaminifu wa kisayansi ni muhimu. Si kila ufa wa Kilwa umeletwa na mabadiliko ya tabianchi. Mmomonyoko wa pwani una sababu nyingi, zikiwamo mikondo ya bahari, ukataji wa mikoko na uzee wa majengo yaliyokaa karne nyingi bila paa. Kinachofahamika ni kwamba usawa wa bahari duniani ulipanda kwa takribani sentimeta 20 kati ya mwaka 1901 na 2018, na kwamba kasi ya kupanda inaongezeka. Bahari iliyopanda huyapa mawimbi ya dhoruba nguvu ya kufika mahali ambapo zamani hayakufika. Mwanafunzi anayefundishwa kutenganisha sababu hizo anajifunza kufikiri. Anayeambiwa kwamba kila kitu ni tabianchi anajifunza kukariri neno jipya.

Mfano wa pili wa pwani unasaidia kuonyesha tofauti hiyo. Kaole, karibu na Bagamoyo, ulikuwa mji wa bandari wenye msikiti unaokadiriwa kuwa wa karne ya 13. Leo kati ya magofu hayo na maji ya bahari kuna ukanda wa matope na mikoko. Kilwa bahari imesogea kwenye ukuta. Kaole imesogea mbali nao. Magofu hayo mawili yakilinganishwa, mwanafunzi ataona kwamba pwani haijawahi kutulia, na ataweza kuuliza swali sahihi: ni mabadiliko gani ni ya kawaida, na ni yapi yanaharakishwa na shughuli za binadamu wa leo?

Uzito wa swali hilo umedhihirishwa na utafiti uliochapishwa Februari 2022 katika jarida la Nature Climate Change, ulioyachunguza maeneo 284 ya urithi katika pwani za Afrika. Watafiti walibaini kwamba maeneo 56 tayari yako katika hatari ya mafuriko makubwa ya bahari ya aina inayotarajiwa mara moja katika miaka 100, na kwamba ifikapo mwaka 2050 idadi hiyo inaweza kuongezeka zaidi ya mara tatu.

Olduvai na swali gumu la darasani

Mwalimu yeyote aliyefundisha mada hii amewahi kuulizwa: mbona hali ya hewa ilibadilika hata kabla ya magari na viwanda? Swali hilo ni la haki, na Tanzania ina mahali pazuri kuliko pengi duniani pa kulijibia.

Bonde la Olduvai, ambako Mary Leakey alilifukua fuvu la Zinjanthropus mwezi Julai 1959, si kumbukumbu ya mifupa peke yake. Tabaka zake za udongo zinaonyesha ziwa lililotanuka na kunywea mara nyingi kwa mamia ya maelfu ya miaka, huku vipindi vya unyevu vikifuatwa na vya ukame. Zamadamu waliishi kando ya ziwa hilo, wakafuata maji na wanyama, wakatengeneza zana za mawe. Mabadiliko ya hali ya hewa, basi, ni sehemu ya hadithi ya kuwapo kwetu.

Tofauti iko katika kasi na chanzo. Kabla ya mapinduzi ya viwanda, hewaukaa katika angahewa ilikuwa takribani chembe 280 katika kila chembe milioni. Leo imepita 420. Jopo la Kiserikali la Mabadiliko ya Tabianchi limekadiria kwamba joto la uso wa dunia katika muongo wa 2011 hadi 2020 lilikuwa limeongezeka kwa nyuzi 1.1 za Selsiasi kulinganisha na miaka ya 1850 hadi 1900, na kwamba chanzo chake ni shughuli za binadamu. Mabadiliko ambayo tabaka za Olduvai zinayaeleza kwa maelfu ya miaka sasa yanashuhudiwa ndani ya umri wa mtu mmoja. Zamadamu alikuwa na nafasi ya kuhama; mkulima wa leo mwenye hati ya kijiji, shule ya watoto wake na makaburi ya wazee wake hana nafasi hiyo.

Engaruka: maarifa na mipaka yake

Kuna hatari ya kuufundisha urithi kama sifa tupu, kana kwamba wahenga walikuwa na jibu la kila jambo. Engaruka, chini ya ukingo wa Bonde la Ufa mkoani Arusha, inatulinda na kosa hilo. Hapo kuna mabaki ya mashamba yaliyozungushiwa mawe na mifereji ya umwagiliaji yanayoenea katika eneo la takribani hekta 2,000. Wakulima waliokuwapo kuanzia karibu karne ya 15 waliyaongoza maji ya vijito vya milimani hadi kwenye nchi kavu, wakalisha watu wengi mahali ambapo mvua pekee isingetosha.

Kufikia mwishoni mwa karne ya 18 au mwanzoni mwa karne ya 19, mashamba hayo yalikuwa yameachwa. Wataalamu wametaja kupungua kwa maji, kuchoka kwa udongo na mabadiliko ya kijamii miongoni mwa sababu. Engaruka hivyo inafundisha mambo mawili kwa wakati mmoja: kwamba jamii za Kiafrika zilibuni teknolojia ya kuhimili ukame kabla ya ukoloni, na kwamba hata teknolojia nzuri ina kikomo pale maji yanapopungua kupita kiasi. Kwa taifa linalowekeza katika skimu za umwagiliaji, somo la pili lina thamani sawa na la kwanza.

Maarifa yaliyo hai

Urithi si mawe tu. Tanzania iliridhia mwaka 2011 Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 wa Kulinda Urithi wa Utamaduni Usioshikika, na sehemu kubwa ya elimu ya kuhimili tabianchi imo humo.

Wilayani Mbinga, Wamatengo hulima kwa ngoro. Majani yaliyofyekwa hupangwa kwa miraba juu ya mteremko, kisha udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kuyafunika. Mazao hupandwa juu ya matuta, na shimo la katikati hupokea maji ya mvua na udongo unaochukuliwa nayo. Mlima wenye ngoro hauporomoki kirahisi, na majani yaliyozikwa huwa mbolea.

Huko Shinyanga, Wasukuma walikuwa na desturi ya ngitili: kutenga eneo la malisho lisiguswe wakati wa mvua ili mifugo ipate chakula wakati wa kiangazi. Desturi hiyo ilidhoofika, ardhi ikawa tupu. Programu ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, iliyoanza mwaka 1986 na kufahamika kwa jina la HASHI, iliifufua. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba kati ya hekta 300,000 na 500,000 za miombo na malisho zilirejeshwa katika vijiji zaidi ya 800. Makumbusho ya Bujora huko Kisesa, mkoani Mwanza, yanayotunza utamaduni wa Wasukuma, yanaweza kuieleza ngitili kwa ufasaha unaozidi kitabu chochote cha kiada, kwa kuwa yanaweza kuonyesha neno, chombo na mila pamoja.

Mlima Kilimanjaro unatoa mfano wenye utata zaidi, na kwa hiyo wenye manufaa zaidi. Barafu yake ilikuwa na eneo la takribani kilometa za mraba 12 mwaka 1912. Karne moja baadaye asilimia 85 hivi ilikuwa imetoweka, na mwaka 2022 UNESCO ilitangaza kwamba barafu hiyo inatarajiwa kwisha ifikapo mwaka 2050. Wengi huamini kwamba barafu ikiisha mito itakauka. Wanasayansi wanaonyesha kwamba maji mengi ya mlima hutokana na mvua na ukungu unaonaswa na msitu, na mchango wa barafu ni mdogo sana. Barafu, basi, ni kioo cha mabadiliko. Msitu ndio tangi la maji. Wachaga walilijua hilo kwa njia yao: kihamba chenye migomba chini ya miti mikubwa, na mifongo ya kugawana maji kwa zamu, viliutegemea mlima wenye kivuli. Kihamba cha Shimbwe Juu kilitambuliwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa mwaka 2011 kuwa mfumo wa urithi wa kilimo wenye umuhimu wa kimataifa.

Visiwani na katika mwambao, mwaka wa jadi wa Nairuzi, unaosherehekewa Makunduchi kwa Mwaka Kogwa, uligawanywa katika miongo ya siku kumi kumi. Wakulima na wavuvi walihesabu miongo hiyo kujua wakati wa kaskazi na kusi, masika na vuli, kupanda na kutweka tanga. Kalenda hiyo ni kumbukumbu ya hali ya hewa iliyotarajiwa. Wanafunzi wakikusanya miongo kutoka kwa wazee na kuilinganisha na takwimu za mvua za Mamlaka ya Hali ya Hewa, watapata picha ya namna misimu inavyoonekana leo, na watajifunza kwamba mzee na kituo cha hali ya hewa wanaweza kukaa meza moja.

Majirani wanafanya nini

Nchini Kenya, Ngome ya Yesu mjini Mombasa, iliyoingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2011, ilijengewa ukuta wa kuikinga na mawimbi yaliyokuwa yakila msingi wake. Misitu mitakatifu ya Kaya ya Wamijikenda, iliyoorodheshwa mwaka 2008, imebaki na miti kwa sababu mila ilikataza kuikata. Mifano hii inaonyesha kwamba tatizo ni la mwambao mzima, na kwamba ubadilishanaji wa uzoefu kati ya wahifadhi wa nchi hizi una faida ya moja kwa moja.

Kinachokwamisha

Ikiwa utajiri ni mkubwa kiasi hiki, kwa nini haujaingia darasani? Kwanza, ziara za shule katika makumbusho kwa kawaida huwa za siku moja, za haraka, na za somo la historia. Wanafunzi hupita katika Kijiji cha Makumbusho jijini Dar es Salaam wakiambiwa nyumba hii ni ya kabila fulani na ile ni ya kabila jingine. Ni nadra kuulizwa kwa nini tembe ya Wagogo ina paa bapa la udongo na kuta nene, au kwa nini nyumba za sehemu za mvua nyingi zina paa lenye mwinamo mkali. Kila nyumba pale ni jibu la hali ya hewa, lakini swali halijaulizwa.

Pili, usimamizi umegawanyika. Makumbusho ya Taifa yana vituo vyake. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viko chini ya Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori. Olduvai na Engaruka viko chini ya Mamlaka ya Hifadhi ya Eneo la Ngorongoro. Mgawanyo huo umeleta fedha na ulinzi katika maeneo yaliyokuwa yamesahaulika, lakini unadai uratibu wa makusudi ili ujumbe wa elimu uwe mmoja. Taasisi iliyozoea kuhesabu watalii haina budi kuhesabu pia wanafunzi na walichojifunza.

Tatu, ni umbali na gharama. Mtoto wa Namtumbo hawezi kufika Olduvai, na pengine hata Makumbusho ya Majimaji mjini Songea ni safari ndefu kwake. Elimu inayowafikia walio karibu na miji tu itawaacha nje wale ambao mashamba yao ndiyo ya kwanza kuathirika.

Njia ya kufuata

Fursa ipo sasa. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, na mitaala iliyoanza kutekelezwa Januari 2024 vinasisitiza ujenzi wa umahiri badala ya kukariri. Masomo ya Historia ya Tanzania na Maadili na Jiografia na Mazingira yanaweza kukutana katika gofu moja. Taasisi ya Elimu Tanzania na wasimamizi wa malikale wakiandaa kwa pamoja kiongozi kifupi cha mwalimu kwa kila kituo, chenye maswali na kazi za kufanya, gharama yake itakuwa ndogo kuliko faida.

Kazi hizo ziwe za vitendo. Shule za Kilwa zinaweza kupima kila muhula umbali kati ya alama maalumu ya ukuta na mstari wa maji kujaa, na kupiga picha kutoka mahali palepale. Baada ya miaka mitano, wanafunzi watakuwa wametengeneza kumbukumbu ambayo mhifadhi na mtafiti wataihitaji. Shule za Mbinga zinaweza kulinganisha udongo unaochukuliwa na maji katika shamba la ngoro na lile lisilo na ngoro. Waongozaji katika vituo wapewe mafunzo ya msingi ya sayansi ya tabianchi, na maandishi ya maonyesho yaandikwe kwa Kiswahili kinachoeleweka. Kwa shule za mbali, masanduku ya maonyesho yanayosafirishwa na vipindi vya redio za jamii vinaweza kuupeleka urithi uliko mwanafunzi.

Jambo la mwisho linahusu haki. Bara la Afrika limechangia sehemu ndogo sana ya gesijoto zilizolimbikizwa angani, lakini linabeba mzigo mkubwa wa madhara. Nchi inapokwenda katika majadiliano ya kimataifa kudai fedha za kuhimili na za fidia ya hasara, inahitaji ushahidi wa kile inachopoteza. Shamba lililosombwa lina bei ya gunia. Msikiti wa karne ya 11 ulioporomoka, au desturi ya kugawana maji iliyokufa pamoja na mfereji wake, hauna bei ya sokoni. Kizazi kilichofundishwa kuutambua na kuupima urithi huo ndicho kitakachoweza kuusemea mbele ya mataifa, na ndicho kitakachoamua leo kama mkoko wa Kilwa ukatwe kuni au uachwe usimame mbele ya ukuta.